Wananchi kupigia kura sheria kwa simu: tuanzie na sheria ndogo ya kijiji?

Uwele_wa_Bahi

Mbukwenyi wakuu.

Kuna wazo la kutengeneza mfumo utakaowawezesha wananchi kupigia kura sheria moja kwa moja, bila kusubiri mbunge au diwani awasemee. Lengo la mbali ni miswada inayosomwa hapa hapa Dodoma. Lengo la karibu ni kijiji kimoja wilayani Bahi: vitongoji vitano, watu wapatao 1,200 wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na rasimu ya sheria ndogo moja inayokataza mifugo kuingizwa mashambani kabla mavuno hayajaisha. Waandaaji ni watatu, wawili wanajua kuandika programu.

Maswali yangu:

1. Kura ya namna hii ina nguvu gani kisheria?
2. Itumike aplikesheni, menyu ya nyota-reli au SMS? Vitochi ndivyo vingi.
3. Namba ya NIDA inatosha kumtambua mpiga kura?
4. Mwenzetu mmoja anasisitiza blokicheni (kitabu cha kumbukumbu cha kidijitali kisichofutika) kwa ajili ya uwazi. Yuko sahihi?

Siasa tuiweke kando kwa leo, naomba namna ya kufanya.

---

Kanzu_Nyeusi

Nachukua la kwanza.

Kwenye miswada, mlango haupo. Ibara ya 8 ya Katiba ya 1977 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na watu wengi huishia kusoma hapo. Ibara ya 64 imeiweka mikononi mwa Bunge kazi ya kutunga sheria za Tanzania Bara na za mambo ya Muungano, na ibara ya 97 imeeleza njia yake: muswada upitishwe na Bunge, kisha Rais aukubali. Hata mbunge akikubali kuubeba muswada wenu kama muswada binafsi, ukigusa kodi utakwama kwenye ibara ya 99, kwa sababu mambo ya fedha hayaendi bungeni ila yawe yamependekezwa na Rais na kuwasilishwa na Waziri.

Ipo Sheria ya Kura ya Maoni ya 2013, lakini ilitungwa kwa ajili ya Katiba Inayopendekezwa. Kura yake ilipangwa 30 Aprili 2015, ikaahirishwa kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine za BVR (za alama za vidole na picha) ulikuwa haujakamilika. Angalieni hapo kilichokwamisha: daftari. Zanzibar waliifanya yao tarehe 31 Julai 2010 kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa, asilimia 66.4 wakasema ndiyo, kwa karatasi na sanduku.

Kwa hiyo mkikusanya kura za simu juu ya muswada, mtakuwa mmekusanya maoni ya wadau. Yana thamani yake: muswada ukishasomwa mara ya kwanza unakwenda kamati, na kamati hupokea maoni. Ila kamati hainufaiki na "asilimia 81 wanapinga". Inanufaika na "kifungu cha 14 kifanyiwe marekebisho hivi, sababu ni hii". Muswada ukija kwa hati ya dharura, yaani ukiharakishwa, muda wenu wa kukusanya chochote unabaki finyu sana.

Kijijini ni habari nyingine. Chini ya Sura ya 287, yaani Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayotunga sheria ndogo, lakini lazima kwanza iipeleke kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambako kila mkazi mtu mzima ni mjumbe, halafu iende Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Huko ndiko mwananchi wa kawaida wa Tanzania anakaribia kabisa kutunga sheria kwa mkono wake. Mngekuwa Nkuhungu au Nzuguni, hapa Dodoma mjini, ningewaambia msijisumbue: mtaa wa mjini hauna mamlaka hayo, sheria ndogo zinatungwa na Halmashauri ya Jiji na kuidhinishwa na Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI.

Tahadhari moja. Kinachokwenda wilayani ni rasimu, muhtasari wa mkutano mkuu na orodha ya mahudhurio yenye sahihi. Kura za simu hazichukui nafasi ya mahudhurio. Mkipeleka karatasi ya matokeo ya seva bila mkutano, wanasheria wa wilaya watairudisha, na watakuwa sahihi.

---

Nyota_Reli

La pili na la tatu ni yangu.

Aplikesheni iondoeni kwenye hesabu. Kitochi hakiipokei, na mwenye simu janja naye anahitaji bando na nafasi kwenye simu ili apige kura moja tu.

Menyu ya nyota-reli (USSD) inafanya kazi kwenye simu yoyote na haihitaji intaneti. Mipaka yake mijue kabla hamjaandika chochote. Skrini moja inabeba herufi 182, nafasi na namba za machaguo zikiwemo. Kikao kina muda wake, unapangwa na mtandao husika, mtu akisitasita kinakatika. Msimbo mfupi (ile namba ya kupiga) unaombwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, halafu mnaunganishwa na kila mtandao peke yake: Vodacom, Yas, Airtel, Halotel, TTCL. Mkiruka mmoja mmewanyima kura wanaoutumia. Ikiwa halmashauri ya wilaya ndiyo mwenye mradi, kuna njia fupi: menyu ya Serikali, *152*00#, inayosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao. Kikundi binafsi hakiingii humo kwa jina lake.

Swali lenu linaingia vizuri:

Je, unakubali ng'ombe, mbuzi na kondoo wasiingizwe mashambani kabla ya 31 Julai?
1 Ndiyo
2 Hapana
3 Soma rasimu

Hizo ni herufi 111. Namba 3 isijaribu kuonyesha rasimu nzima kwenye skrini, itume kwa SMS. Na hapa kuna mtego unaogharimu fedha: SMS ya kawaida ni herufi 160, lakini ikiwemo alama moja tu isiyo kwenye jedwali la GSM (orodha ya herufi za kawaida za SMS), ujumbe wote unashuka hadi herufi 70. Kiswahili hakina herufi za ajabu, isipokuwa mkiandika "ng'ombe" kwenye programu ya kuandikia inayopindisha kile kikato (') kiwe cha mviringo. Kikato kilichonyooka kipo kwenye jedwali, kilichopinda hakipo. Rasimu ya mifugo ina "ng'ombe" kila mstari, kwa hiyo mtalipia zaidi ya mara mbili bila kujua kwa nini. Bandikeni maandishi kwanza kwenye kihariri cha kawaida, badilisheni vikato vyote.

NIDA: hapana, isitumike kama siri. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka ukitangulia. Tano zinazofuata ni postikodi. Hivyo nusu ya namba inakisika na mtu anayekufahamu, na nusu nyingine iko kwenye daftari la kila wakala aliyewahi kukusajilia laini. Halafu ile postikodi inatokana na usajili, haithibitishi makazi. Aliyejisajili Manyoni akaolewa Bahi ataonekana wa Singida. Namba ya laini nayo haitoshi: laini ya mke inaweza kuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mume, na mtu mmoja ana laini tatu za mitandao mitatu.

Njia inayowezekana ni karatasi za namba. Chapisheni karatasi 1,300, ishirini kwa kila ukurasa wa A4, kurasa 65. Kila karatasi ina namba ya bahati nasibu, imekunjwa na kubanwa pini. Mkazi anatia sahihi kwenye daftari la kitongoji, kisha anachota mwenyewe kutoka kwenye kikapu. Daftari linajua nani amechukua, halijui amechukua ipi.

Urefu wa namba si wa kukisia. Tarakimu sita zinatoa namba milioni moja. Mkigawa 1,200, anayebahatisha anapata moja sahihi katika kila majaribio 833 hivi, na hilo kompyuta yenye laini kadhaa inalifanya kwa muda mfupi. Tarakimu nane zinashusha nafasi hadi moja kati ya 83,000 na kitu. Ongezeni ya tisa ya kukagua, ile ya hesabu ya Luhn, ili mtu akikosea tarakimu moja aambiwe "umekosea, rudia" badala ya "namba batili", maneno ambayo kijijini yanatafsiriwa kuwa ameibiwa kura. Ya kukagua lazima iwe nyongeza. Mkiificha ndani ya zile nane mmerudi kwenye nguvu ya tarakimu saba. Majaribio matatu kwa laini moja, kisha ifungwe kwa saa 24.

Kosa litakaloleta kelele nyingi kuliko yote: kura imefika kwenye seva, kikao kikakatika kabla ya jibu kurudi. Mtu anapiga tena, anaambiwa "namba imeshatumika". Ugomvi. Jibu liwe: "Namba hii ilipokelewa leo saa 4:12 asubuhi." Akiona ni saa ile ile aliyokuwa na simu mkononi, anatulia.

---

Funguo_Tatu

Nyota_Reli kapanga vizuri, ila kuna sehemu kanyamaza. USSD haisafiri kwa siri kutoka kwa mpiga kura hadi kwenye seva yenu. Mtandao wa simu unaona namba ya laini na unaona "1" au "2". Mkifuta kila kitu upande wenu, upande wao bado upo. Isitoshe, mkihifadhi muda wa namba kutumika kwenye jedwali moja na kura kwenye jedwali lingine lenye mfuatano, mtu yeyote mwenye seva anayalinganisha mstari kwa mstari na kujua nani kapiga nini. Jedwali la kura lisiwe na muda wala namba ya mfuatano, na logi za seva (kumbukumbu za kila tukio) zizimwe kwa njia hiyo. Logi ndizo husahaulika.

Sasa blokicheni. Inatatua tatizo la kitabu cha hesabu kisichofutika. Tatizo lenu haliko kwenye kitabu, liko kabla yake: nani kaandikishwa, nani kashika simu, na je, kilichobonyezwa ndicho kilichoandikwa. Kura ya uongo ikiingia kwenye blokicheni inakuwa uongo usiofutika. Moscow walitumia blokicheni mwaka 2019, na kabla ya uchaguzi mtafiti mmoja wa Ufaransa alionyesha kuwa funguo za usimbaji (za kuzificha kura) zilikuwa fupi kiasi cha kuvunjwa kwa dakika 20 hivi kwenye kompyuta ya kawaida.

Wenye uzoefu wa kweli wa wananchi kupigia kura sheria ni Uswisi: sahihi 50,000 ndani ya siku 100 tangu sheria itangazwe zinatosha kuilazimisha iende kwenye kura ya wananchi. Nao kwenye kura ya mtandao wanatembea kwa kunyata. Mwaka 2019 mfumo wa Posta yao ulisimamishwa baada ya watafiti kupewa msimbo wa programu yake wausome na kukuta kasoro: ingewezekana kubadilisha kura huku uthibitisho ukionyesha kila kitu ni sawa. Walirudi kwa majaribio Juni 2023, kwenye majimbo matatu, kwa ukomo wa asilimia 30 ya wapiga kura wa jimbo na asilimia 10 ya nchi nzima. Estonia wamepiga kura kwa intaneti tangu 2005, na 2023 zaidi ya nusu ya kura za bunge zilipita huko, lakini wana kitambulisho chenye chipu na namba za siri, na mtu aliyeshurutishwa anaweza kupiga upya, ya mwisho ndiyo ihesabiwe. Ninyi hamna chipu. Na hao Waestonia wenyewe, 2017 ilibainika udhaifu kwenye chipu za kadi kama 750,000.

Mkitaka kufunga sanduku la kidijitali kwa funguo za watu kadhaa (mwenyekiti, mtendaji, mwakilishi wa wafugaji), msiweke sharti kwamba wote watatu wawepo. Chama cha kimataifa cha wanasayansi wa usimbaji, watu ambao hii ndiyo kazi yao ya kila siku, kililazimika kurudia uchaguzi wake mwaka 2025 kwa sababu mmoja wa washika funguo watatu alipoteza wake, na mfumo ulitaka zote tatu. Wekeni wawili kati ya watatu.

Ushauri wangu: kura ya simu iwe ya kupima maoni kabla ya mkutano. Kura inayofunga, yaani yenye nguvu ya uamuzi, ipigwe mkutanoni, kwa karatasi, ihesabiwe hadharani. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani mwaka 2009 ilikataa mashine za kupigia kura zilizokuwa zikitumika huko kwa hoja ambayo mzee yeyote wa Kigwe anaielewa: raia lazima aweze kukagua hatua muhimu za hesabu bila kuwa fundi.

---

Karani_wa_Kitongoji

Wanangu, mnabishana kuhusu kufuli na mlango hamjaujenga. Rudini kwenye lile swali.

"Je, unakubali… wasiingizwe?" Anayetaka mifugo izuiwe anatakiwa abonyeze Ndiyo. Wangapi watabonyeza Hapana wakimaanisha "hapana, wasiingie"? Kiswahili chetu ndivyo kilivyo: ukimuuliza mtu "Hujala?" akajibu "Ndiyo", maana yake hajala. Swali lenye kikanushi ndani yake likijibiwa kwa Ndiyo na Hapana, matokeo hayasomeki, na hakuna funguo wala chipu ya kuyanyoosha. Ondoeni Ndiyo na Hapana kabisa:

Mifugo kuingia mashambani:
1 Izuiwe hadi 31 Julai
2 Iruhusiwe kama sasa

La pili, rasimu za namna hii zina mambo matatu ndani: tarehe, faini na njia za mifugo kwenda majini. Mkiyafunga kwenye kura moja, anayekubali tarehe na kukataa faini hana pa kuweka kidole. Mkiyatenganisha na kuyapiga siku moja, mnaweza kupata kijiji kilichokubali faini na kukataa katazo lenyewe. Pigeni katazo na tarehe kwanza. Likipita, ndipo faini, na kiwango chake kisivuke kinachoruhusiwa na sheria mama. Njia za mifugo zijadiliwe kwa kuzitembelea, si kwa simu.

La tatu ni wachache. Wakulima ni wengi kuliko wafugaji, kwa hiyo hesabu ya vichwa peke yake inajulikana kabla haijapigwa. Uswisi, mabadiliko ya katiba yanataka wingi wa watu na wingi wa majimbo kwa pamoja. Kwenu wekeni wingi wa kijiji pamoja na vitongoji vitatu kati ya vitano, kama sharti lenu wenyewe kabla rasimu haijakwenda mbele. Ikiwa wafugaji wamejikusanya kitongoji kimoja, bado haiwatoshi, basi wakae kwenye kamati ya kuandika rasimu tangu mwanzo.

Akidi: msiseme "nusu ya waliojiandikisha wajitokeze, vinginevyo kura ni batili". Italia wana sharti hilo kwenye kura za kufuta sheria, na wapinzani wa hoja wamejifunza kuwaambia watu wabaki nyumbani. Juni 2025 kura zao zilibatilika hivyo, waliojitokeza wakiwa asilimia 30 hivi. Semeni badala yake: upande wa mabadiliko upate wingi, na wingi huo usiwe chini ya robo ya walioandikishwa. Hapo kukaa nyumbani hakumsaidii sana mpingaji.

Rasimu isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Cigogo. Wapo wasioweza kusoma skrini. Namba ya kupiga na kusikiliza rekodi ya sekunde 90 inasaidia kuliko SMS sita. Anayetafsiri asiwe mwenye upande, na wafugaji waisikilize rekodi kabla haijawekwa hewani, maana neno moja tu la "kuharibu" badala ya "kula" linabadilisha sheria.

Na msipange kura kati ya Januari na Machi. Watu wako kwenye palizi.

---

Uwele_wa_Bahi

Asanteni sana, na shikamoo Mama Karani. Swali limebadilishwa kama ulivyosema, na blokicheni imeondoka. Yamebaki mawili. Funguo_Tatu, kama mkutano ndio unaofunga, je, bado tuzigawe zile karatasi za namba? Na taarifa za watu kwenye daftari tuzitunze vipi?

---

Funguo_Tatu

Zigaweni, kwa sababu bila hizo kipimo chenu cha maoni kitajazwa na kijana mmoja mwenye laini kumi. Kwa kuwa ni maoni tu, mnaweza hata kubandika ubaoni orodha ya namba na chaguo la kila namba, kila mtu akakague yake. Msifanye hivyo kwenye kura inayofunga: orodha hiyo ndiyo risiti anayoitaka mnunuzi wa kura.

Daftari: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na anayekusanya taarifa anatakiwa kujisajili kwenye Tume. Kusanyeni jina, kitongoji na sahihi. Namba ya NIDA na ya simu msiziandike, hamna kazi nazo. Msichokikusanya hakivuji.

---

Nyota_Reli

Naongeza ulinganisho wa mwisho, ufanyike hadharani kabla ya kutangaza chochote. Mfano: zilizochapishwa 1,300. Sahihi kwenye madaftari matano, 874. Zilizobaki kikapuni lazima ziwe 426, zihesabiwe mbele ya watu na zichomwe. Seva ikisema zimetumika namba 790, basi 84 zilichukuliwa hazikutumika, na hilo ni la kawaida. Ikisema 880, simamisheni, kwa sababu kuna sita ambazo hakuna aliyezitilia sahihi. Mara nyingi chanzo ni karatasi zilizochapwa za majaribio na kusahaulika kufutwa kwenye seva, kwa hiyo namba za majaribio zianze na tarakimu yake peke yake, tuseme 0, na namba halisi zianze na 1 hadi 9.

---

Karani_wa_Kitongoji

Marahaba mwanangu. Kikapu kiwe na mfuniko, na achukuaye asikunje mkono wa shati. Karatasi ndogo hizo, zinafichika kwenye mkunjo.

---

Kanzu_Nyeusi

Na tangazo la mkutano libandikwe kila kitongoji, likiwa na maneno ya rasimu yenyewe, si kichwa chake tu. Nakala moja mtendaji aigonge muhuri na kuandika tarehe aliyoibandika. Wilayani watauliza hiyo tarehe.

---

Uwele_wa_Bahi

Mkutano wa robo hii ni mwezi ujao. Tutaleta hapa maneno ya rasimu myapitie kabla ya kurekodi ya Cigogo.